Bedford ya pua inauzwa haijatengenezwa: lichukue, ila ingia uvunguni kwanza

Mkuu, umeuliza kama ununue lile lori la zamani la Bedford J6, la pua (injini iko mbele ya kabini), uliloliona nje kidogo ya Korogwe: bodi flati la mbao, haliendi, rangi imeungua jua, na mwenyewe anasema halijawahi kuguswa na fundi wa bodi. Wadau wawili juu yangu wamekushauri uachane nalo, utafute ambalo limeshatengenezwa. Mimi siafikiani nao, maana njia hiyo ya kwao niliifuata na iliniumiza.

Bedford yangu ya kwanza niliinunua ikiwa inang'aa. Rangi ya bluu mpya, mbao mpya, taa mpya. Nilifungua boneti, nikasikiliza injini, nikalipa siku ileile. Mwezi wa tatu nimepakia mbao, nikaona kabini na bodi haviko sawa, nafasi kati yao juu imekuwa finyu na chini imeachana. Fundi alipokwangua rangi kwenye chasisi tulikuta ufa wa kuanzia chini hadi katikati, umefunikwa kwa bapa la chuma, juu ya bapa puti (ile ya kuziba mashimo), juu ya puti rangi. Niliuza vipande. La pili nililinunua 2014 kutoka shamba la mkonge wilayani Muheza, limelala chini ya mwembe, lina kutu kila mahali na viota vya ndege kwenye rejeta. Hilo ndilo ninaloendesha mpaka leo. Lori ambalo halijatengenezwa linakuonyesha ugonjwa wake wote, na kwa mnunuzi hilo lina thamani kuliko rangi.

Kwa wasiolijua: Bedford yalikuwa malori ya Vauxhall ya Uingereza, chini ya General Motors. Haya ya pua, yaani TJ, ambayo J6 ni mojawapo, yalitoka 1958. Miaka miwili baadaye kiwanda kilileta TK, lile la kichwa kipana lisilo na pua, lakini ya pua yaliendelea kutengenezwa kwa ajili ya nchi kama zetu. Baba yangu alikuwa utingo kwenye mojawapo, wakishusha kabichi na viazi kutoka Lushoto kwenda Mombo, kwa hiyo sijifanyi kwamba naliangalia lori hili kama chuma tu.

Sasa, siku ya kwenda kuliona, acha injini. Beba nyundo ndogo, tochi na turubai la kulalia, uingie uvunguni. Bodi flati halikai moja kwa moja juu ya chasisi. Kuna magogo mawili marefu ya mbao yamelala juu ya chuma, yamefungwa kwa yuboliti, zile boliti za umbo la U. Hapo ndipo maji ya mvua yanapojificha, mbao inanyonya na kuyashika, na chuma kinaoza taratibu mahali ambapo jicho halifiki. Gonga chasisi chini ya gogo, hatua kwa hatua, kutoka nyuma ya kabini hadi mwisho. Chuma kizima kinalia. Kilichooza kinatoa mlio mfu, na kama kimeliwa sana nyundo inaacha alama. Kwangu upande wa kushoto ulilia wote isipokuwa kipande cha kama mkono mmoja karibu na hanga ya springi ya nyuma, yaani kishikio kinachoibeba springi. Nilimulika tochi kwenye ribiti (misumari minene iliyopigwa kichwa) za hanga ile nikaona vumbi jekundu limechuruzika chini ya vichwa viwili, kama machozi yaliyokauka. Ukiona hivyo ujue ribiti imelegea na inacheza, ule wekundu ni chuma kinachosagana. Haimaanishi uache kununua. Inamaanisha kung'oa ribiti hizo, kuweka boliti ngumu zinazoenea tundu sawasawa, na kupunguza bei. Ukikuta ufa kwenye chasisi yenyewe nyuma tu ya kabini, hapo ndipo mimi ningerudi nyumbani.

Injini isikutishe. Nyingi ni dizeli ya silinda sita ya lita 5.4, nyingine petroli ya lita 4.9, na baadhi utakuta zimeshawekewa injini ya Perkins 6.354. Kama imeshika, yaani imeganda haizunguki, usikubali kabisa mtu alivute kwa trekta "kulistua." Huenda kuna maji juu ya pistoni, na maji hayakandamiziki, utapinda mikono ya pistoni. Toa nozeli zote (kwenye petroli, plagi), mimina dizeli iliyochanganywa na oili kwenye kila tundu, liache wiki nzima, kisha jaribu kuzungusha kwa mkono kwenye puli ya mbele, mbele kidogo na nyuma kidogo. Yangu ilikubali siku ya tisa.

Pesa na muda weka kwenye breki. Hapa naomba unisikilize kweli. Mengi ya malori haya yana breki za mafuta zinazosaidiwa na vakyumu, yaani nguvu ya kunyonya hewa. Injini ya dizeli haitengenezi vakyumu yenyewe kama ya petroli, kwa hiyo kuna pampu yake maalumu inayoendeshwa na injini, kisha tangi, kisha busta inayokusaidia kukanyaga pedali. Mpira mmoja wa kupitisha vakyumu hiyo ukipasuka, pedali inakuwa ngumu kama jiwe na lori haliko tayari kusimama. Mimi nilibadilisha silinda za magurudumu zote, mabomba yote ya shaba, nikaridhika. Mpira wa kutoka kwenye pampu niliuacha kwa sababu kwa nje ulionekana mzima. Nilipolipeleka kulijaribu nikiteremka kutoka Soni, mlimani kwenye barabara ya Lushoto na Mombo, bila mzigo, ulinyonyeka kwa ndani ukajifunga. Lililoniokoa ni kwamba nilikuwa kwenye gia namba mbili tangu nilipoanza kuteremka. Nilipofika chini miguu ilikuwa inatetemeka. Badilisha kila mpira hata kama unang'aa, jaribu kwenye tambarare kwa majuma kadhaa, na mteremkoni usizime injini kamwe, maana ukiizima umezima na pampu.

Magurudumu: nati za upande wa kushoto zinafunguka kinyume, angalia zilizogongwa herufi L. Vijana wa gereji hawalijui hilo, wanaongeza bomba kwenye spana na kukaza zaidi mpaka stadi, ile boliti ya gurudumu, inakatika. Na rimu zake ni zile za ringi ya kufungia, ringi ya chuma inayoshika tairi lisitoke. Usimruhusu mtu ajaze upepo amesimama mbele ya ringi hiyo, hasa kwenye rimu yenye kutu, ikiruka inaua. Nunua pia seti ya spana za inchi, kwa sababu za milimita zitakula pembe za nati ambazo huzipati tena kirahisi.

Vipuri vipo kuliko unavyodhani. Pakistan Bedford bado zinabeba mizigo na vipuri vyake vinaendelea kutengenezwa huko. Mimi ringi za pistoni na lining za breki nilizipata kupitia ndugu aliye Dubai. Vilivyonisumbua ni vioo na mipira ya madirisha.

Kabla ya kutoa hata shilingi, omba kadi ya gari, ulinganishe namba ya chasisi na ya injini kwa macho yako, kisha uhakiki TRA (mamlaka ya mapato) na polisi. Kama mwenye jina kwenye kadi ni marehemu, anayeuza awe msimamizi wa mirathi mwenye hati ya mahakama, siyo tu "mtoto mkubwa wa mzee." Kwangu makaratasi yalichukua muda mrefu kuliko injini.

Ukilichukua, nakusihi usilifungue lote kwa mpigo. Maliza breki, uende stelingi, kisha injini, huku lori likiwa limesimama kwenye magurudumu yake. Malori niliyoyaona yakifia uani ni yale yaliyogeuzwa mafungu ya boliti ndani ya wiki moja. Mbao za bodi zilizo nzima ziache. Zangu ni za mvule, nimebadilisha saba tu, na mlangoni yale maandishi ya shamba yaliyofifia sijayapaka rangi. Wazee wa Muheza wakiyaona wanasimama na kuniuliza lori hili lilikuwa la nani.

Ukienda Jumamosi piga picha za chasisi nyuma ya kabini na kwenye hanga za nyuma, pande zote mbili, kwa karibu na tochi ikiwaka. Ziweke hapa kabla hujamtajia mwenyewe bei, nitakwambia ninachokiona.