Kabla hujanunua hisa za kampuni ya intaneti

Vijana wanaokuja kuniuliza habari za hisa huanza na maneno yaleyale: "Mzee, intaneti ndiyo kila kitu sasa, kampuni hii itaangukaje?" Kwamba intaneti ni kila kitu, sina ubishi. Kwamba kwa hiyo kampuni haitaanguka, hilo ni jambo lingine kabisa, na mgeni wa soko la hisa asiyeyatenganisha mawili haya bora asifungue akaunti ya CDS, ile ya kuhifadhia hisa, kwanza.

Sisi wa Mombasa hatuhitaji kwenda mbali kutafuta mfano. Juni 2009 kebo ya intaneti ya TEAMS ilizinduliwa hapa kwetu, ikiwa imelazwa chini ya bahari kutoka Fujairah, Falme za Kiarabu. Mwezi uliofuata kebo nyingine, SEACOM, ikaanza kazi, ikaja EASSy, ikaja LION2, na miaka ya karibuni PEACE na 2Africa. Kabla ya hizo tulitegemea setilaiti. Ulikaa saiba ukilipia kwa dakika, barua pepe moja inafunguka huku roho inakutoka. Leo mtoto wa Kisauni anatazama mpira kwenye simu akiwa amejilaza. Waliosema intaneti ya kasi itabadilisha maisha walisema kweli.

Sasa muulize mwenye hisa. AccessKenya ilikuwa kampuni ya kuuzia maofisi intaneti, na mwaka 2007 iliuza hisa kwa umma kwa shilingi 10 kila moja. Bei ikapanda zaidi ya maradufu. Kisha kebo zikafika, zile zile zilizokuwa zikisubiriwa kama mvua ya vuli, na bei ya intaneti ya jumla ikaporomoka. Mteja akafurahi. Kampuni kubwa zenye mtaji mnono zikaingia kwenye biashara hiyo hiyo, na hisa ya AccessKenya ikateremka hadi chini ya zile 10 za mwanzo. Mwaka 2013 Dimension Data ya Afrika Kusini ikainunua kampuni kwa shilingi 14 kila hisa, na jina likatoka sokoni. Aliyenunua kwenye toleo la kwanza akavumilia alipata faida kiasi baada ya miaka sita. Aliyenunua wakati kila kibaraza kinaizungumza aliacha pesa zake humo.

Huko Marekani yalikuwa hayo hayo, ila kwa mabilioni ya dola. Mwishoni mwa miaka ya 1990 watu waliaminishwa kwamba matumizi ya intaneti yanaongezeka maradufu kila siku 100. Hesabu zilipokuja kufanywa sawasawa na watafiti kama Andrew Odlyzko, ikaonekana yaliongezeka maradufu kwa karibu mwaka mmoja, ambao bado ni mwendo wa ajabu, lakini si ule uliouzwa. Kwa hesabu ile ya siku 100 kila kampuni ilichimba mitaro na kulaza faiba yake, yaani nyuzi za kioo zinazobeba intaneti kwa mwanga, kwa mkopo. Wakati huohuo mafundi waligundua namna ya kupitisha rangi nyingi za mwanga kwenye uzi mmoja wa kioo, kwa hiyo uzi uliokwisha lazwa ukaweza kubeba mzigo mara nyingi zaidi. Faiba ikawa tele hata nyingi ikakaa gizani bila kuwashwa. Hisa ya Corning, waliotengeneza nyuzi zenyewe, ilikuwa zaidi ya dola 100 mwaka 2000. Mwaka 2002 ilifika chini ya dola 2. Kampuni ya kebo ya Global Crossing ilifilisika Januari 2002, na ile ya simu ya WorldCom Julai. Kebo za Global Crossing hazikufa, zilipata wenyewe wapya na zikaendelea kufanya kazi. Waliokufa ni wenye hisa.

Kwa hiyo ukipewa kijitabu cha kampuni ya namna hii, ruka picha na salamu za mwenyekiti, nenda kwenye mizania, yaani hesabu ya mali na madeni, utafute madeni. Angalia ni kiasi gani, ni kwa sarafu gani, na yanatakiwa kulipwa lini. Mteja wa Likoni analipa kwa shilingi, na anaweza kuhama mwezi ujao. Vifaa na mikopo mara nyingi ni kwa dola. Shilingi ikiteleza, faida inaliwa kabla haijakufikia wewe, maana mwenye hisa hulipwa wa mwisho, baada ya benki, serikali na wauza vifaa.

Na kwa ndugu zangu Waislamu, ambao huwa mnaniuliza kuhusu riba: hapa dini na akili ya biashara zinakutana. Vipimo vya kisharia vinavyotumika sana huzikataa kampuni ambazo deni lake la riba limepita takriban theluthi ya thamani yake sokoni, yaani bei ya hisa mara idadi ya hisa. Lakini angalia, bei ya hisa ikiwa juu deni huonekana dogo. Bei ikianguka, deni ni lile lile na kampuni imeshavuka mpaka. Kwa hiyo usiridhike na hesabu ya siku ya shangwe.

Jambo la pili ni idadi ya wateja, na hili unaweza kulifanya kwa miguu yako. Pita Bamburi au Tudor, simama chini ya ghorofa moja utazame ukuta: viboksi vitatu au vinne vya kampuni tofauti, nyaya zimening'inia kama kamba za kuanikia. Katika taarifa zao kila kampuni huhesabu nyumba zote za ghorofa hilo kama "nyumba zilizofikiwa". Nyumba ni moja, imehesabiwa mara tatu, na anayelipwa ni mmoja. Tafuta nambari ya wanaolipa. Ikikosekana kitabuni, hiyo nayo ni habari.

Bei yenyewe mnaisahau kwa sababu inaonekana ndogo. Hisa ya shilingi 20 si rahisi wala ghali mpaka ujue ziko ngapi. Zikiwa milioni 500, unaambiwa kampuni nzima ni bilioni 10. Faida ya mwaka ikiwa milioni 100, utangoja miaka 100 faida ifikie bei hiyo.

Najua mtaniambia Safaricom. Sawa. Mwaka 2008 iliuzwa shilingi 5, watu wakakopa benki kununua, siku ya kwanza ikapita 7, na mapema 2009 ilikuwa chini ya 3 huku mikopo inadai. Aliyesubiri aliiona ikipita 40 mwaka 2021. Lakini kilichombeba zaidi ni M-Pesa. Faiba ya majumbani ni sehemu ndogo ya mapato. Mtu akikuuzia hadithi ya faiba kwa mfano wa Safaricom, mwambie akuonyeshe M-Pesa yake.

Akikujia kwa WhatsApp na "hisa za faiba" ambazo haziko kwenye soko la Nairobi, tafuta jina lake kwenye orodha ya walioidhinishwa na CMA, Mamlaka ya Masoko ya Mitaji. Mara nyingi mazungumzo huishia hapo.

Mamlaka ya Mawasiliano hutoa ripoti kila robo mwaka yenye wateja wa intaneti ya waya kwa kila kampuni. Ipakue, uilinganishe na kijitabu ulichopewa. Penye tofauti mpigie dalali wako, umsomee nambari zote mbili, ukae kimya umsikilize.