Swali la lugha: Gerila, mpiganaji wa msituni au mwasi?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Nafundisha historia sekondari. Katika maelezo yangu kuhusu ukombozi wa Msumbiji nimeandika hivi: "Vita hii ya guerilla ilianza mwaka 1964 ambapo maguerilla yalishambulia kituo cha Chai." Mwenzangu ameikataa sentensi nzima. Anasema neno hilo limetokana na yule mnyama gorila, kwa kuwa wapiganaji hao huishi porini, na kwamba Kiswahili safi ni "waasi". Mwingine kasema tuandike "wapigania uhuru". Neno hili limetoka wapi, na sisi tuandike nini?

JIBU: Marahaba, mwalimu mwenzangu. Kwanza tumwondoe mnyama njiani. Gorila na gerila hawana undugu wowote. Jina la gorila liliingia katika sayansi mwaka 1847 kupitia kwa Thomas Savage, daktari na mmisionari Mmarekani, aliyelichota katika maandishi ya kale ya Kigiriki yanayosimulia safari ya baharia Hanno wa Carthage kwenye pwani ya Afrika Magharibi. Gerila amekuja kwa njia nyingine kabisa. Kinachowachanganya watu ni Kiingereza, ambacho huimeza irabu ya silabi ya kwanza hata maneno hayo mawili yakasikika kama moja. Wasanii wanawake wa New York walioanzisha kundi la Guerrilla Girls mwaka 1985 waliuchezea mfanano huo kwa kuvaa vinyago vya gorila hadharani. Kiswahili hakimezi irabu. E ni e na o ni o, kwa hiyo hatuna sababu ya kuuazima mkanganyiko usio wetu.

Asili ya neno ni Kihispania. "Guerra" ni vita, na Wahispania nao walilipata kutoka lugha za kale za Kijerumani, ambako lilikuwa na maana ya ugomvi na mtafaruku. Ukiongeza kiambishi cha udogo, -illa, unapata "guerrilla", vita vidogo. Ni kazi ileile ya ki- yetu inapotoa kijito katika mto na kijiji katika mji. Ungedhani basi nasi tungeweza kuunda neno kwa njia hiyo, lakini nafasi imeshachukuliwa: "vita" tayari lina vi- yake, na "kivita" tayari lina kazi nyingine, kama tunaposema meli ya kivita au zana za kivita. Mzizi wa vita ni -ta tu, uleule ulio katika "uta", yaani upinde wa kurushia mishale. Wahenga wetu walivitaja vita kwa silaha yake.

Neno la Kihispania lilienea Ulaya kati ya 1808 na 1814. Madrid iliwalipukia Wafaransa tarehe 2 Mei 1808, Napoleon akamweka kaka yake Joseph kwenye kiti cha ufalme wa Hispania, na majeshi rasmi ya Hispania yalipozidiwa nguvu, vikundi vya wakulima, mapadri na askari waliotawanyika vikaanza kuwavizia Wafaransa njiani: mjumbe aliyebeba barua, msafara wa chakula, kikosi kilichobaki nyuma. Juan Martín Díez, aliyejulikana kama El Empecinado, alikuwa mtoto wa mkulima. Francisco Espoz y Mina, mwanakijiji wa Navarra, alifikia kuongoza maelfu ya watu. Kwa hiyo "udogo" ulio ndani ya neno hili haukuwahi kumaanisha madhara madogo. Ni udogo wa kila pigo, na ni wingi wa mapigo hayo ndio uliolichosha jeshi kubwa kuliko yote Ulaya.

Waingereza waliopigana upande wa Wahispania chini ya Wellington ndio waliolibeba neno hadi kwao, na hapo maana ikahama mara ya kwanza. Kwa Mhispania, guerrilla ni vita, au kikosi kinachovipigana. Mtu mwenyewe ni "guerrillero". Waingereza waliliacha hilo la pili, wakamwita mtu kwa jina la vita. Sisi tumelipokea kutoka kwao, ndiyo maana kwetu gerila ni mtu tangu siku ya kwanza. Ushahidi uko kwenye matamshi: Mhispania husema kitu kama "geriya", kwa kuwa ll yake hukaribia y. Sisi tunatamka l, kama tulivyofundishwa na Kiingereza.

(Kiswahili nacho kiliwahi kulipa deni. Che Guevara alipovuka Ziwa Tanganyika kutoka Kigoma kwenda Kongo mwezi Aprili 1965, yeye na wenzake walijificha nyuma ya tarakimu zetu. Víctor Dreke aliitwa Moja, José María Martínez Tamayo aliitwa Mbili, na Che mwenyewe akawa Tatu.)

Kwa kuwa gerila ni mtu, sarufi yake ni nyepesi. Umoja ni gerila, wingi ni magerila, na upatanisho wake ni wa a-wa: gerila ameingia, magerila wameingia. "Maguerilla yalishambulia" inawageuza watu kuwa vitu. Ile ma- ya wingi isikuhadae, kwa maana haikuhadai kwenye madaktari wala makarani. Herufi u baada ya g Wahispania wanaihitaji, kwa sababu bila hiyo g yao mbele ya e hugeuka kuwa sauti ya kooni. G yetu haigeuki popote, na anayesoma "guerila" kwa kanuni za Kiswahili atatamka gu-e-ri-la. Kuhusu "vita hii", najua inasikika kila mahali, hata kwa watangazaji, lakini vita vimo katika ngeli ya KI-VI na huchukua upatanisho wa wingi daima: vita hivi, vita vilianza, vita vimekwisha.

Sentensi yako basi ingesomeka hivi: "Vita hivi vya msituni vilianza tarehe 25 Septemba 1964, magerila wa FRELIMO waliposhambulia kituo cha Chai, Cabo Delgado."

Utaona nimetumia maneno mawili, "msituni" na "magerila". Nimekusudia. "Msituni" ni mchango wetu wenyewe, na naupenda kwa sababu haukukaa kwenye kamusi ukingoja kuulizwa. Uliingia katika vinywa vya watu pamoja na historia yao. Nchini Kenya ulianza na msitu halisi, miti na baridi ya Nyandarua na Mlima Kenya, walikojificha wapiganaji wa Mau Mau katika miaka ya 1950. Uganda, Museveni na wenzake waliposhambulia kambi ya Kabamba tarehe 6 Februari 1981 na kuanza mapambano, watu walisema wameingia msituni. Kufikia hapo msemo ulikuwa umeshajitenga na miti. "Kuingia msituni" ni kushika silaha dhidi ya serikali, hata kama eneo lenyewe ni mbuga au mashamba; "kutoka msituni" ni kuweka silaha chini; na "bado wako msituni" ni kusema mazungumzo hayajazaa kitu.

Lakini msemo una mpaka wake. Watupamaro wa Uruguay, katika miaka ya 1960 na mwanzoni mwa 1970, walipigana ndani ya Montevideo. Wapiganaji wa Algeria mwaka 1957 walikuwa katika vichochoro vya Kasbah ya Algiers. Ukiwaita wapiganaji wa msituni, mwanafunzi atauliza msitu uko wapi, na ana haki. Hapo "gerila" linahitajika, na "gerila wa mjini" halina mgongano wowote. Ndiyo sababu sikubaliani na wanaotaka neno la mkopo lifutwe kwa kuwa tunalo la kwetu.

Wengine hupendekeza "vita vya kuvizia". Kuvizia ni kitenzi kizuri, na kuna ndugu yake "kuotea", neno la wawindaji, ambalo siku hizi wengi wanalijua kupitia mpira wa miguu, pale mshambuliaji anapokutwa nyuma ya mabeki. Tatizo ni kwamba kuvizia ni mbinu moja tu, na jeshi lolote linaweza kuitumia. Mfano bora ni wa Wahehe. Tarehe 17 Agosti 1891, huko Lugalo, askari wa Mkwawa walikivizia kikosi cha Wajerumani cha Emil von Zelewski na kukisambaratisha. Zelewski mwenyewe aliuawa. Hilo lilikuwa shambulio la kuvizia, lakini waliolifanya hawakuwa magerila. Walikuwa jeshi la dola, lenye mfalme, makao na nidhamu yake. Ngome ya Kalenga ilipoanguka Oktoba 1894, ndipo Mkwawa alipogeuka gerila: hana ngome, anahamahama, anapiga na kutoweka, analishwa na kufichwa na watu wake. Aliendelea hivyo hadi alipojiua Julai 1898 ili asikamatwe. Mtu ni yuleyule, adui ni yuleyule, kuvizia ni kulekule, na bado jina la vita vyake lilibadilika. Kinachomfanya mtu awe gerila ni kupigana bila jeshi rasmi nyuma yake wala mstari wa mbele, huku akitegemea raia.

Hapo ndipo ulipo ugomvi wako na mwenzako. Neno "gerila" linajibu swali la namna: wanapiganaje? Halisemi kama wana haki. "Mwasi" linajibu swali jingine. Limetoka kwenye -asi, kitenzi kilekile cha kumwasi mzazi au kumwasi Mungu, na ndani yake imo dhana kwamba yupo mwenye haki ya kutiiwa. Anayewaita FRELIMO waasi amekwisha kuikubali mamlaka ya Ureno juu ya Msumbiji, apende asipende. "Mpigania uhuru" linataja lengo. Nalo si neno baridi, lina msimamo, ila ni msimamo ulio wazi.

"Mwanamgambo", ambalo redio zimelizoesha sana, lina utata wake. Mgambo asili yake ni ile mbiu inayolia kukiwa na jambo. Tanzania ikaitumia kwa jeshi la akiba la wananchi, lililopewa uzito na Mwongozo wa TANU wa 1971, kwa hiyo kwa Mtanzania mgambo yuko upande wa serikali. Kwenye taarifa za habari za kimataifa mwanamgambo mara nyingi ni mtu anayepigana nayo. Mimi katika maandishi ya historia naliepuka.

Kisha "gaidi". Zamani alikuwa jambazi wa njiani, mnyang'anyi wa misafara. Leo, hasa baada ya mabomu ya Nairobi na Dar es Salaam ya tarehe 7 Agosti 1998, ugaidi ni kuua na kutisha raia kwa sababu za kisiasa, na ni kosa lenye sheria yake: Tanzania tangu 2002, Kenya tangu 2012. Ni neno la hukumu, na kila serikali iliyopambana na magerila imelitamani. Wareno waliwaita wapiganaji wa Msumbiji "turras", ufupisho wa neno lao la magaidi. Waingereza waliwapa Mau Mau jina hilohilo kwa lugha yao. Hali ya hatari ilitangazwa Kenya tarehe 20 Oktoba 1952, Dedan Kimathi akanyongwa tarehe 18 Februari 1957, na hata baada ya uhuru chama chake kilibaki kimepigwa marufuku hadi 2003. Sasa sanamu yake imesimama katikati ya Nairobi, na ile 20 Oktoba ni Siku ya Mashujaa. Namna walivyopigana haikubadilika hata chembe baada ya wao kufa. Waliobadilika ni wenye kalamu. Ningependa wanafunzi wako walione hilo kwa macho yao, kwa kuwekewa majina yote matatu, mwasi, mpigania uhuru na gaidi, ubaoni pamoja na jina la aliyeyatamka. "Waasi" liandike unapoinukuu serikali ya Lisbon, na useme kuwa unanukuu.

Komandoo amesafiri upande wa pili. Kwa Makaburu waliopigana na Waingereza kati ya 1899 na 1902, "kommando" kilikuwa kikosi cha wakulima wenye farasi na bunduki zao wenyewe. Mwaka 1940 Waingereza waliwapa jina hilo askari wao wa mashambulizi maalumu, na leo komandoo kwetu ni askari teule wa serikali, yule anayetumwa kuwasaka magerila.

Limebaki "kigerila", ambalo wanafunzi watakutana nalo pia nje ya historia, kwenye matangazo ya kigerila yanayomshtukiza mteja barabarani bila bajeti kubwa. Sina pingamizi nalo, kwa kuwa ki- hapo ni ya namna. Lakini tofautisha vita vya magerila na vita vya kigerila. Paul von Lettow-Vorbeck alikuwa kamanda wa jeshi rasmi la Ujerumani katika Afrika Mashariki wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, mwenye cheo na sare. Tangu 1916 alikwepa mapambano makubwa kadiri alivyoweza, akazunguka hadi Msumbiji na kurudi, akila mazao ya wanavijiji ambao hakuna aliyewauliza, mpaka alipojisalimisha Abercorn, ambayo sasa ni Mbala nchini Zambia, tarehe 25 Novemba 1918. Vita vyake vilikuwa vya kigerila. Yeye hakuwa gerila.