Shingo ya mtoto haikazwi kwa kukandwa

Swali: Shikamoo mtaalamu. Mtoto wangu wa kwanza ana wiki 10. Alizaliwa kwa siku zake, akalia papo hapo, kilo 3.1, na ananyonya vizuri. Kliniki waliniambia niwe namlaza kifudifudi akiwa macho. Nikimweka kitandani anazamisha uso kwenye godoro, dakika haiishi analia mpaka jasho linamtoka. Mama mkwe anasema shingo bado laini, nimwache hadi miezi minne. Jirani kaniletea mama anayekanda watoto, anataka elfu 10 kwa wiki aikaze hiyo shingo. Nifanyeje? (Mama, Mbagala)

Jibu: Marahaba. Elfu 10 yako iache kwenye pochi, halafu tuanze na godoro, maana kasoro iko hapo.

Kichwa cha mtoto mchanga ni karibu robo ya urefu wake wote. Ili akiinue, lazima asukume chini kwa mikono. Kwenye godoro la sponji viwiko vinazama, nguvu yote inamezwa, na pua inafukiwa. Hata mimi ningelia. Mshushe sakafuni: mkeka, juu yake blanketi jepesi au kanga iliyokunjwa mara nne, basi. Kwa joto la Dar mwache na nepi tu, ngozi ya mikono inashika vizuri kuliko nguo inayoteleza.

Chagua saa. Akiwa na njaa atalia, akiwa ameshiba sasa hivi atacheua. Subiri kama nusu saa baada ya kunyonya, au mlaze kila umalizapo kumbadilisha nepi mchana. Usimbwage kwa tumbo ghafla: mlaze chali, mgeuze ubavu, tulia kidogo, kisha mmalizie kifudifudi na uuchomoe mkono uliobaki chini. Viwiko vikae chini ya mabega au mbele yake kidogo. Vikibaki nyuma, pembeni ya mbavu, hawezi kuinua kitu.

Viringisha kanga iwe nene kama kifundo cha mkono wako, uipitishe kifuani chini ya makwapa, mikono itokeze mbele. Wengi huiweka tumboni, wakaishia kufuta maziwa. Ikiwa nene mno mikono inaning'inia bila kugusa chini, ipunguze. Sasa weka kiganja chako juu ya makalio yake, ukandamize kidogo kuelekea miguuni. Uzito unahamia nyuma, kichwa kinakuwa chepesi, na mara nyingi utakiona kikipanda hapo hapo. Nawe ulale kifudifudi mbele yake, uso kwa uso, uongee naye. Midoli si lazima. Pindo la kanga lenye nyeusi na nyekundu iliyokolea linamtosha kulitazama.

Dakika moja, mara tano au sita kwa siku, inatosha kuanzia. Akinung'unika, huyo anafanya kazi, mwongeleshe. Akilia kweli, mgeuze. Ongeza nusu dakika kila baada ya siku mbili tatu. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2019, linataka walau dakika 30 kwa siku kwa mtoto ambaye bado hajaanza kujisogeza, na hizo ni jumla ya vipande vyote. Akikataa kabisa sakafu, egemea mito ukiwa nusu umekaa, umlaze kifua kwa kifua. Kadiri unavyoinuka ndivyo inavyokuwa rahisi kwake, kwa hiyo kila siku teremka kidogo. Kulala kwa tumbo juu ya mapaja yako nako kunahesabika.

Akisinzia, mgeuze chali. Usingizi wote ni wa chali, na kifudifudi haachwi peke yake hata kama unaenda tu kugeuza chapati.

Mama mkwe ana haki ya kuogopa shingo unapombeba, na hapo lazima uishike. Lakini sakafuni kichwa hakining'inii, kimelala kwa shavu mpaka mwenyewe aamue kukiinua. Mwambie hivyo kwa adabu. Ila hilo la kungoja miezi minne silikubali. Msuli hukazwa na kazi, na kila wiki ya kungoja kichwa kinaongezeka uzito huku shingo ikikaa bure. Matokeo tunayaona kila siku: kisogo kimebapa, mtoto anageukia upande mmoja tu, na akiwekwa kwa tumbo anaona kama ameonewa.

Kuhusu mkandaji, kumpaka mtoto mafuta na kumsugua taratibu ni jambo zuri, lifanye mwenyewe baada ya kuoga. Kuvuta shingo, kuizungusha, au kumwinua mtoto kwa kichwa kunaweza kumuumiza. Na msuli wa mtoto haupati chochote, anayefanya mazoezi hapo ni mkandaji.

Ukimaliza naye atakuja mshauri wa beseni: mkalishe humo na nguo pembeni, akae mapema. Mtoto aliyebanwa hivyo hajakaa, amesimikwa. Kisha muuza woka, kile kigari cha magurudumu. Mtoto ananing'inia kwenye kitambaa, anasukuma kwa ncha za vidole, haioni miguu yake, na hajifunzi kujizuia kuanguka. Hakiwahishi kutembea hata kidogo. Kinachowahi ni kufika kwenye ngazi na kwenye jiko la mkaa. Kanada ilipiga marufuku kuviuza mwaka 2004, sisi bado tunavifunga utepe na kuvipeleka kwenye sherehe ya mtoto.

Yote hayo yangekuwa hasara ya pesa tu kama watoto wote wangekuwa kama wako. Lakini shingo iliyolegea kupita umri wake wakati mwingine ni dalili ya mtindio wa ubongo, hasa kwa mtoto aliyechelewa kulia alipozaliwa, aliyepata manjano kali au degedege siku za mwanzo. Huyo ndiye anayezungushwa kwa wakandaji, akafukiwa miguu kwenye shimo la mchanga ili ikaze, na anapofika hospitali ana mwaka mmoja na nusu. Miezi ambayo ubongo ungefundishika kwa urahisi zaidi imeliwa na mafuta ya kukandia.

Kwa hiyo usingoje ukiona haya: miezi minne imefika na kichwa bado kinaanguka, amelegea kama kitambaa, au amekakamaa na kujipinda nyuma, ngumi hazifunguki, au anatumia mkono mmoja tu. Na kichwa kikigoma kugeukia upande mmoja, usingoje hata hiyo miezi minne. Nenda na kadi ya kliniki, uombe kupelekwa idara ya fiziotherapia, yaani tiba ya mazoezi ya viungo. Na kama mtoto alizaliwa kabla ya siku zake, toa kwanza wiki zilizopungua: mwenye wiki 16 aliyewahi kwa wiki 8 mhesabu kuwa na 8.