Maoni ya maana, si dole gumba

SWALI: Nikituma hadithi kwenye kundi letu la waandishi la WhatsApp, naambulia dole gumba na "hongera". Nifanyeje? – Msomaji, Kayole, Nairobi

JIBU: Usitume hadithi nzima. Wengi husomea kwenye matatu; maneno 3,000 yatawachosha. Tuma 500 hivi, useme ni rasimu ya ngapi, kisha uliza jambo linalojibika: "Ulichoka wapi? Ulishuku lini kuwa mama ndiye aliyeuza shamba?" Ukiuliza "mwaonaje?" utasifiwa tu, watu wana haya. Wasomaji watatu wakikwama aya ileile, aya hiyo ina kasoro, hata kama marekebisho wanayopendekeza yanapingana. Usijitetee, ukianza kueleza ulichokusudia, wananyamaza. Na kabla ya kuomba, toa maoni kwa kazi mbili tatu za wenzako.