Maswali ya Wasomaji: Heksi, Madaraja na Ngazi

SWALI: Mhariri, mimi na mdogo wangu tumejifunza heksi kwenye simu, sasa tunataka ubao wetu wa mezani. Tutauchoraje, na mawe yawe mangapi? (Msomaji, Tanga)

JIBU: Heksi ni mchezo wa watu wawili: kila mmoja huweka jiwe kwa zamu, akitafuta kuunganisha pande zake mbili zinazotazamana kwa mawe yanayogusana. Ubao uliozoeleka ni wa 11 kwa 11, vyumba 121 vilivyobanana kama sega la nyuki. Msihangaike kuchora pembesita. Karatasi ya A3 na nukta zinatosha. Pigeni nukta 11 kwa mstari, milimita 24 kutoka nukta hadi nukta. Mstari wa pili ushuke milimita 21 na usogee kulia milimita 12, wa tatu usogee tena kulia, hivyo hivyo hadi mistari 11. Mkimaliza mtapata msambamba. Wengi hukosea hapa: mstari wa tatu huurudisha kushoto ili ubao uwe mstatili. Ubao wa namna hiyo una upendeleo, kwa sababu anayetoka juu kwenda chini huruka mistari miwili kwa daraja moja (mawe mawili yasiyogusana lakini yasiyotenganishika kirahisi), na mwenzake anayevuka kwa upana hana hatua ndefu kama hiyo.

Pande mbili zinazotazamana zipakeni rangi moja, mbili zilizobaki rangi nyingine. Vyumba vya pembeni kabisa, kwenye kona nne, ni vya wote wawili. Mawe 61 kwa 60 hayaishi kamwe. Komwe za bao zinakaa vizuri kwenye nafasi hizo, ila zote ni za kijivu, kwa hiyo nusu yake zipakeni rangi.

SWALI: Ubao ukijaa na hakuna aliyevuka, ni sare? (Msomaji, Mombasa)

JIBU: Haiwezekani. Njia pekee ya kumzuia mwenzako kabisa ni kuunganisha pande zako mwenyewe, kwa hiyo ubao uliojaa una mshindi mmoja tu. Fuateni mawe upya, chumba kwa chumba, mtamwona. Uzuri huo ndio uliowavuta watu wawili kuubuni mchezo huu kila mmoja kivyake: Piet Hein wa Denmark, aliyeutangaza katika gazeti la Politiken mwaka 1942, na John Nash huko Princeton, Marekani, mwaka 1948.

SWALI: Anayeanza anashinda kila mara. Tufanyeje? (Msomaji, Morogoro)

JIBU: Nash alithibitisha kwamba anayeanza, akicheza bila kosa, hashindwi, kwa kuwa jiwe la ziada halimdhuru mwenyewe hata siku moja. Dawa ni kanuni ya kubadilishana. Wa kwanza anaweka jiwe, kisha wa pili anachagua: acheze kama kawaida, au achukue rangi ya mwenzake pamoja na jiwe lile. Jiwe la katikati lichukueni bila kusita. Lililowekwa kwenye kona yenye pembe kali, penye majirani wawili tu, liacheni. Ufunguzi huo ni wa kushindwa.

SWALI: Madaraja yangu hukatwa, nami nimeambiwa daraja halikatiki. Tena nikikaribia ukingo nasukumwa pembeni mpaka kona. (Msomaji, Bujumbura)

JIBU: Daraja ni mawe mawili yasiyogusana, yenye vyumba viwili vitupu vinavyopakana na yote mawili. Adui akiingia kimoja, unaingia cha pili. Jiwe la mstari wa pili kutoka ukingoni, lenye vyumba viwili vitupu chini yake nalo limeshaufikia ukingo kwa hesabu hiyo hiyo. Usilijaze daraja kabla hujaguswa: ni zamu iliyopotea.

Linalokukata, bila shaka, ni madaraja mawili yanayotegemea chumba kimoja. Adui akiketi hapo anatishia yote mawili, nawe una jibu moja. Kabla ya kuweka jiwe, hesabu vyumba vitupu vya kila daraja. Kimoja kikijirudia, tafuta nafasi nyingine. Hatari ya pili ni adui anayeingia darajani kwa jiwe ambalo papo hapo linatishia kwingine. Hapo usijibu kwa mazoea. Tazama kwanza jiwe lile linamjengea nini.

Kusukumwa huko kunaitwa ngazi. Unaweka jiwe mstari wa pili, anaziba chumba pekee kilichobaki wazi chini yake kwenye mstari wa kwanza, unasonga chumba kimoja, anaziba tena. Anayepanda ngazi bila kimbilio hupoteza. Kimbilio ni jiwe lako lililo mbele, mstari wa pili, ambalo tayari limeungana na ukingo. Ngazi ikilifikia, umevuka. Liwekwe kabla ngazi haijaanza, na likiwekwa litishie jambo jingine, ili adui alazimike kujibu huko nalo libaki mahali pake. Ukiona huna kimbilio, acha kusonga mapema: kila hatua inaziba chumba ambacho ungekihitaji baadaye kuliwekea kimbilio hilo.