Jumba la sinema lililogeuka kanisa: uangalie wapi

Dada, umeuliza kama kuna kitu cha kuona kwenye zile sinema za zamani za mjini Nakuru ambazo sasa ni kanisa au maduka. Kipo, ila usianze na ukuta wa mbele, huo hupakwa rangi kila mwenye nyumba akibadilika. Anza na sakafu. Ikiwa inateremka kuelekea madhabahuni, hapo palikuwa na viti vya watazamaji. Kisha geuka utazame juu nyuma: vijidirisha vidogo ndivyo vilivyopitisha mwanga wa projekta. Mara nyingi chumba cha projekta kilicho nyuma ya vijidirisha hivyo kina kuta nene, kwa sababu tepe za filamu za naitreti (aina ya zamani), zilizotumika hadi mwanzoni mwa miaka ya 1950, zilikuwa zikishika moto vibaya sana. Omba ruhusa ya kupanda huko. Mlinzi akiona hujabeba kamera kubwa hana neno.

Kwa nini makanisa yanapenda majumba haya? Ukumbi mpana usio na nguzo katikati, basi. Kujenga mwingine ni ghali.

Afadhali kanisa, mimi naona. Kule Detroit, Marekani, Michigan Theatre ya mwaka 1926 ilifanywa maegesho ya magari. Walihofia kuibomoa kungedhoofisha jengo la ofisi lililoshikana nayo, kwa hiyo magari yanaegeshwa chini ya dari la nakshi. Buenos Aires, Argentina, walifanya la maana: jumba la Grand Splendid la 1919 ni duka la vitabu, na jukwaani watu wanakunywa kahawa.