Jibu: Je, kilimo cha lishe kinastahili gharama zake?
Ndugu mwanajukwaa, umeuliza iwapo fedha zinazotumiwa kusambaza viazi vitamu vya rangi ya chungwa vijijini zinaleta faida. Naamini zinaleta, ila hesabu isiishie kwenye bei ya marando, yaani mashina ya viazi yanayokatwa kwa kupandia, kwani kuna pia mishahara na usafiri wa wanaofundisha familia kuvipanda na kuvipika. Katika mradi wa Mama SASHA, kule Bungoma na Busia, magharibi mwa Kenya, wajawazito walipewa vocha kwenye kliniki za kuchukulia marando kwa wakulima wanaoyazalisha, hivyo lishe ikaunganishwa na huduma iliyokuwapo tayari. Vitamini A iliyomo katika viazi hivi, inayolinda macho na kinga ya mtoto, huwezi kuipangia bei sokoni Marikiti. Kinachonitia wasiwasi ni kiangazi: marando yakikauka, familia isiyo na kitalu karibu na maji huanza upya, kwa hiyo fedha za vitalu zitengwe tangu mwaka wa kwanza.